Somo la Safari: Kilichobaki Kilwa



Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Mtume (s.a.w.) naye alifundisha kwamba wasafiri wakiwa watatu, mmoja awe amiri. Basi ziara ya kikundi kidogo chenye kiongozi yaweza kuwa ibada, nia ikiwa safi.

Tuchukue mfano wa Kilwa Kisiwani, pwani ya Tanzania. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, unaonyeshwa Msikiti Mkuu, kisha magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba baada ya sala ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani huyo nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akazivua, akampa.

Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji wakaupora. Leo jumba halina paa, lakini habari ya nguo zile bado inasomwa.

Wengi wetu tunaosoma Mbarara na kuishi Nakivale hatujaiona bahari, na nauli hatuna. Lakini wahitaji hatuwakosi, na wengine ni sisi wenyewe. Tuliokimbia kwetu tunajua kuwa nyumba haibebeki kichwani. Amali ndiyo inayofuatana na mtu hadi kaburini.

Jiulize: siku ukiondoka hapa, utakumbukwa kwa lipi?

Wabillahi tawfiq.