Riccia: Mama Aozaye Ili Wana Waishi

Leo nataka tujifunze kuhusu Riccia, mmea mdogo tunaoukanyaga bila kuujali. Jina hilo limo katika kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1753.

Masika yakifika, hebu inameni mtazame udongo mnyevu ulio wazi. Huenda mkaona vipande bapa vya kijani vimelala chini kwa duara, kila kimoja kikigawanyika ncha mbili mbili kama panda ya manati. Mmea huu hauna mizizi, maua wala mbegu. Hujishikiza kwa vinyweleo tu. Seli zake za kiume huogelea majini kulifuata yai. Bila maji, basi hakuna uzazi huo!

Lakini ajabu ni hii. Jamaa zake wengi huinua kikonyo cha kutawanyia spora. Riccia hana kikonyo: spora hukaa mwilini mwa mama, na hazitoki mpaka mama aoze. Kisha nyingi hulala udongoni kiangazi kizima, zikingojea mvua.

Kwa hivyo wenzangu, tukiona ardhi imekauka tusiseme imekufa. Ama kweli, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.