Uigizaji wa Wahusika Wakuu katika Filamu ya Kihistoria: Mfano wa Vuta N'kuvute

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu za kihistoria aghalabu huanzia kwenye maleba na mandhari: je, mavazi na majengo ni ya wakati unaohusika? Suala hilo lina umuhimu wake, lakini halitoshi kupima uigizaji. Makala haya yanadai kuwa kipimo cha msingi cha mwigizaji mkuu ni uwezo wake wa kumwakilisha mtu asiyeijua kesho yake, mbele ya hadhira inayoijua. Hoja hiyo inachunguzwa katika Vuta N'kuvute (2021), filamu iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, kisha inapimwa kwa kuzingatia wilaya za Mbulu na Hanang, ambako historia na hali ya lugha ni tofauti na za Unguja.

2.0 Wahusika wakuu watatu

Kisa kinatokea Zanzibar katika miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Hadhira inafahamu kuwa uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963 na kwamba Mapinduzi yalifuata tarehe 12 Januari 1964. Wahusika hawafahamu lolote kati ya hayo.

Yasmin, anayeigizwa na Ikhlas Gafur Vora, ni msichana mwenye asili ya Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima na anayeikimbia ndoa hiyo. Katika riwaya, msimulizi anaweza kuingia mawazoni mwake. Mwigizaji hana nafasi hiyo. Hofu na tamaa ya Yasmin havina budi kuonekana katika macho, mwendo na ukimya. Akiigizwa tangu mwanzo kama shujaa aliyekwisha kukomaa, kukimbia kwake hakutakuwa na uzito, kwani hatari yake itakuwa imekwisha kuondolewa.

Denge, anayeigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, ana mtego mkubwa zaidi. Mpigania uhuru huweza kugeuzwa sanamu kwa urahisi, hasa pale mwigizaji anapotamka maneno ya siasa kana kwamba historia imeshamthibitishia. Penzi lake na Yasmin ndilo linalomrudisha katika ubinadamu: ana kitu cha kupoteza, na hajui kama atakipoteza.

Mwajuma, anayempa Yasmin hifadhi, anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwanamuziki wa taarabu. Hapa ujuzi wa mwigizaji unakuwa sehemu ya ushahidi wa kihistoria. Tangu Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, sauti ya mwanamke katika taarabu imekuwa chombo cha kuisema jamii. Mwajuma hahitaji kuueleza uhuru. Namna yake ya kusema, kutania na kuimba ndiyo uhuru alio nao kwa siku ile.

3.0 Kipimo hiki Mbulu na Hanang

Tuseme filamu ya aina hii imekusudiwa kuhusu Wabarbaig wa Hanang, ambao malisho yao yalichukuliwa na mashamba ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, katika miaka ya 1970 na 1980. Mwigizaji wa mfugaji atakayeingia akiwa tayari na majonzi ya aliyeshindwa atakuwa ameiharibu tamthilia kabla haijaanza.

Aidha, lugha inaleta tatizo ambalo halimkabili Mwajuma. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi na Kidatoga ni ya Kinailoti. Mhusika akizungumza Kiswahili nyumbani kwake, kile kilichokuwa lugha ya ofisi na soko kitageuzwa lugha ya mahaba na matambiko. Kubadili lugha mlangoni mwa ofisi ya serikali kungekuwa tendo la uigizaji lenye maana kuliko vazi lolote.

4.0 Hitimisho

Maleba huitambulisha enzi. Mwigizaji huirudishia mashaka yake. Kwa hiyo mhakiki anapaswa kuchunguza kila mhusika mkuu anatarajia nini, anahofia nini, na anayasema hayo kwa lugha ya nani. Bila mashaka hayo, filamu hubaki kuwa maonyesho ya mavazi ya zamani.