Mahali au Mahari?

Kiswahili ni kimoja, lakini hakisemwi namna moja. Nenda ufukweni Mbweni wakati ngalawa zinaporudi, usikilize. Mzaramo mwenyeji anasema kwa namna yake. Msukuma aliyehamia juzi anasema kwa namna yake. Mgeni kutoka Unguja anaulizia tungule, na mwuza mboga anashangaa. Kumbe anataka nyanya tu!

Mtu anapojifunza Kiswahili huja na sauti za lugha ya mama yake. Katika Kisukuma sauti iliyozoeleka ni l. Ndiyo maana utasikia "balabala" badala ya barabara. Wengine wa bara husema "samani" wakitaka kusema thamani. Sauti za th, dh na gh zilikuja pwani na maneno ya Kiarabu, na watu wa pwani wamezizoea.

Hata pwani yenyewe haisemi namna moja. Mrima yetu ina Kimrima, Unguja ina Kiunguja, Mombasa ina Kimvita. Mtu wa Mvita huita macho "mato". Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, ili Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zitumie lugha moja shuleni. Ndicho unachokisoma sasa. Kimrima hakikuachwa kwa sababu ni kibovu.

Katika mazungumzo, l na r zikibadilishana hapana hasara kubwa. Mwenzako atakuelewa, au atakuuliza. Karatasi haiulizwi.

Tuseme mzee mmoja anamwoza binti yake. Anapokea fedha, anamwandikia mkwewe hati: "Nimepokea shilingi 500,000 za mahali." Ameandika kama anavyotamka. Alitaka kuandika mahari, yaani mali anayotoa mwanamume anapooa. Mahali ni pale kitu kilipo, kwa mfano kiwanja. Miaka inapita, mzee anafariki. Mkwe anatoa ile hati na kudai kwamba alinunua mahali, pale penye mwembe. Watoto wa mzee watajibu nini? Na viwanja vya Mbweni si vya kuchezea siku hizi!

Basi usitegemee herufi moja. Andika: "Nimepokea shilingi 500,000, mahari ya binti yangu," utaje na jina lake. Hapo hata ukikosea r, maana inabaki.

Liko pia jambo la kuchekana. Mama anasimama katika mkutano wa mtaa, anasema, "Tupige kula." Watu wanacheka. Anakaa, na hoja yake ya kisima haisikiki tena. Kwa maoni yangu, aliyeharibu mkutano ni aliyecheka.

Zoezi

Soma kwa sauti: mahali, mahari, kula, kura, samani, thamani. (Samani ni vyombo vya nyumba, kama viti na meza.) Tunga sentensi kwa kila neno. Msomee mwenzako, naye aandike anavyosikia. Kisha linganisheni.