Balanga: sindano, mwanga na wembe wa kichochoroni

Leo tuzungumzie balanga, yale mabaka meupe ambayo madaktari huyaita vitiligo. Huenda unayo wewe, au anayo yule rafiki yako asiyevua sweta hata jua la saa saba.

Kwanza, haiambukizi. Kuleni sahani moja, laleni bweni moja, hutapata kitu. Kinga ya mwili hukosea na kushambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, basi. Watu huichanganya na ukoma, ambao nao huleta mabaka yaliyofifia. Baka la balanga huwa jeupe pee, na ukiligusa kwa pamba unahisi. La ukoma mara nyingi lina ganzi. Ukiona ganzi usingoje, nenda zahanati. Dawa za ukoma hutolewa bure.

Sasa hii habari ya sindano. Mtu anasikia kwamba baka likitobolewa rangi hurudi, basi anachanjwa kwa wembe wa watu wengi na kupakwa dawa ya mnadani. Jamani! Wembe huo unaweza kukupa virusi vya UKIMWI au homa ya ini. Na kama balanga yako bado inaenea, kidonda chenyewe kinaweza kugeuka baka jipya.

Tiba yenyewe ipo, lakini si hiyo. Daktari wa ngozi hutumia sindano fupi, safi, zinazoingia kama milimita moja hivi. Hutoboa baka pamoja na ukingo wake wenye rangi, ili seli za rangi ziamke na kusogea kwenye weupe. Kisha mgonjwa humulikwa kwa mashine yenye miale maalumu ya nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa miezi mingi. Kazi kubwa ni ya mwanga. Sindano ni msaidizi, na watafiti bado wanabishana ni msaidizi wa kiasi gani. Uso na shingo huitikia vizuri. Vidole vya mikono na miguu ni vigumu kweli, pia baka ambalo vinyweleo vyake vimeshakuwa vyeupe. Na baka liwe limetulia kwanza, bila kupanuka, kwa mwaka hivi.

Kwetu Mbulu na Hanang shida ni njia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kiko KCMC, Moshi, tangu 1992. Kutoka Haydom au Katesh, nani ana nauli ya mara 3 kwa wiki? Kwa hiyo anzia hospitali ya karibu: baka jipya dogo linaweza kutibiwa kwa krimu ya daktari. Ukipewa rufaa, uliza kabla ya kupanda basi kama mashine ya mwanga inafanya kazi, na kama una ndugu wa kukaa kwake. Usijianike juani badala ya mashine. Huku kwetu juu, ngozi isiyo na rangi huungua upesi. Vaa kofia.

Na leo jioni, weka karatasi nyembamba juu ya baka, fuatisha ukingo wake kwa kalamu, andika tarehe. Rudia kila mwezi. Daktari atakuuliza kama linapanuka, nawe utamwonyesha.