Joto, Hewa ya Ukaa na Mahindi

Twasikia neno hili likisemwa, hata na watu wenye elimu: "Hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, basi ikizidi, mahindi nayo yatazidi." Neno hili lina kweli ndani yake, lakini kwa mahindi kweli hiyo ni haba, na mkulima akiiegemea huenda akalala njaa. Na tulichunguze.

Kabla viwanda havijaenea, katika sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Mwaka 1958, ilipoanza kupimwa juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii, zilikuwa kama 315; sasa zimepita 420. Hewa hii huingia katika jani kwa vitundu vidogo sana, na jani likiangaziwa na jua huigeuza kuwa sukari. Mpunga, ngano na maharagwe hupata faida ikizidi. Mahindi sivyo. Hayo, kama mtama na miwa, huikusanya hewa hiyo na kuirundika ndani ya jani, mahali pale pale sukari inapofanyizwa, hata pakajaa. Mtungi uliojaa hauongezeki kwa kumiminiwa tena.

Huko Illinois, Marekani, mwaka 2004, wataalamu waliyazidishia mahindi hewa ya ukaa shambani mpaka sehemu 550. Maji yalitosha, wala mavuno hayakuzidi. Ila wakati wa ukame iko faida: vitundu vya jani hujifumba kidogo, na maji hayapotei upesi. Hayo yalionekana Braunschweig, Ujerumani, mwaka 2008, mahindi yaliponyimwa maji.

Lakini joto ndilo adui. Huyaharakisha mahindi, yakakomaa kabla punje hazijashiba. Tena huyapiga wakati wa kuchanua, na hapa ndipo penye hasara kubwa. Mbelewele humwaga vumbi lake, na ndevu za suke hulipokea. Kila uzi wa ndevu ni njia ya punje moja. Joto likipita digrii 35 vumbi hudhoofika, na ukame ukiungana nalo ndevu huchelewa kutokeza. Ndipo twamenya hindi tukaona mapengo kama kinywa cha mzee. Wengi wetu hapo humlaumu aliyetuuzia mbegu, na pengine hana kosa.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi katika Afrika. Kila digrii moja juu ya 30, ikidumu siku moja, ilipunguza mavuno kwa 1 katika 100 hata penye mvua njema. Penye ukame, 1.7. Hesabu hii yaonekana ndogo, lakini siku kumi za namna hiyo ni debe moja katika kumi.

Yafaa basi kupanda mapema, mvua ya kwanza ikishika. Kupanda mbegu za namna mbili zisizochanua pamoja. Na kufunika udongo kwa majani makavu. Tena tuandike tarehe mbelewele zinapotoka, na siku za joto kali, kisha wakati wa kumenya tuhesabu mapengo.