Kinyago Kidogo, Mtu Mkubwa

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Somo letu la mara hii linatoka hapo hapo.

Kikundi chetu cha akina mama kule Likoni kilikuwa kinajadili kodi za nyumba. Mazungumzo yalikuwa makavu, maana kila mtu anamwogopa mwenye nyumba, na pengine mtu wake amekaa pale pale. Basi mzee mmoja Mmakonde, mgeni wetu kutoka upande wa Msambweni, akatoa mfukoni kinyago cha mpingo, urefu wa kiganja tu. Mtu mnene, tai shingoni, mkoba mkononi, amekalia kiti, na kiti chenyewe kimebebwa na watu wanne wembamba. Tulicheka sana. Kisha ndimi zikafunguka.

Usidhani ni mchezo mpya. Wamakonde wa Msumbiji waliwachonga Wareno waliowatawala, wakazitoa sura zao kwenye ngoma ya mapiko, watu wakacheka. Wengine wao walikuja Kwale kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao wakaishi hapa bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi, ndipo wakakubaliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Asiye na karatasi akimchonga mwenye karatasi, ujue amemtazama vizuri.

Pale Changamwe nako kuna chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba tangu 1963. Ufundi huo ulifikishwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Lakini tembea katika vibanda: twiga, ndovu, Mmasai na mkuki wake. Wabenzi mimi sijawaona. Mnunuzi ni mtalii, naye hakuja Mombasa kutafuta tajiri wetu. Mchongaji ana karo ya kulipa, simlaumu.

Hata hivyo, Mexico tajiri anauzika. José Guadalupe Posada, mchoraji aliyefariki 1913, alichora fuvu la bibi aliyevaa kofia kubwa ya kifahari, kuwacheka watu waliokana asili yao ili waonekane Wazungu. Siku hizi mafundi wanamfinyanga bibi huyo kwa udongo, hata mdogo wa kushika mkononi. Anaonekana sana tarehe 2 Novemba, siku yetu ya kuwaombea Marehemu Wote. Amevaa kofia, lakini mifupa ni kama ya mpishi wake.

Kwa kikundi chenu hakuna haja ya mpingo. Udongo, waya au kopo la mafuta vinatosha. Watoto wa Kisauni wanaunda matatu nzima kwa hivyo. Kila watu watano waunde mtaa wao. Nani amekaa? Nani amebeba? Nani hakuundwa kabisa? Hilo la mwisho msiliharakishe. Na asitajwe mtu kwa jina, msije mkaletewa kesi.

Siku ile Likoni niliuliza, "Huyu wa kwenye kiti ni nani?" Wakasema mwenye nyumba, wakasema mheshimiwa. Mama mmoja akautazama ule mkoba, kisha akanitazama mimi na faili langu.

"Na wewe je, mwalimu?"

Nililiweka faili chini, tukaendelea.