Sarafu za Kale: Kabla ya Kununua Ile Mashine

Kikundi kimoja cha vijana hapa Kaloleni kimeniletea swali. Wameweka akiba miezi mingi, na sasa wanataka kununua mashine ya kutafuta metali ardhini, ndugu wa ile bawabu anayokupitishia mwilini mlangoni mwa supamaketi. Wameambiwa vichaka vya Taita Taveta vimejaa pesa za kale na mabaki ya vita. Wengi wao hawana kazi, kwa hivyo swali hili si la mchezo. Na tulifanye somo letu.

Vita vilikuwako kweli. Mwezi wa Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalipigana na ya Wajerumani pale Salaita, karibu na Taveta. Hata jirani zetu wa Kariokor, jina la mtaa wao limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo.

Mashine yenyewe hupitisha umeme katika waya uliozungushwa, na ikikuta metali chini hulia. Sarafu ndogo ikizama zaidi ya futi moja hivi, mara nyingi haisikiki. Tena mlio haukuambii kwa hakika umepata nini: sarafu, kizibo cha soda, au bomu. Hapo kwenye bomu, vijana, nisikizeni. Upande wa Dol Dol na Archers Post, mabaki ya mazoezi ya kijeshi yaliua na kulemaza watu, watoto wakiwemo. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu 228 fidia ya pauni milioni 4.5. Chuma usichokijua usikiguse wala usikipige jiwe. Weka alama mbali nacho, ukawaite polisi.

Sheria je? Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka leseni kwa anayetafuta vitu vya kale. Vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, vikiwa bado ardhini, ni mali ya serikali. Ukikuta kitu cha kale kwa bahati, una siku 7 kuwaarifu watu wa Makumbusho, ukieleza ni wapi hasa na ulikipataje. Mabaki ya 1916 si ya kabla ya 1895, lakini sehemu kubwa ya vichaka vile ni mbuga ya Tsavo au shamba la mtu. Huwezi kuingia tu na jembe.

Mtu ataniuliza, "Sasa mama, kitu nimeokota mwenyewe, mbona niulizwe ni wapi?" Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika kisiwa cha Marchinbar, akaziweka ndani ya mkebe. Zilipopelekwa kuchunguzwa mwaka 1979, tano zilikuwa za Kilwa! Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeona zilikuwa zimelala na nini. Kilichobaki ni alama tu ya X kwenye ramani. Linganisha na Mambrui, karibu na Malindi. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walipata sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424. Waliitoa kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka, na kila kilichokuwa kando yake kikaandikwa.

Upande wa bei nitasema kifupi. Shilingi za Afrika Mashariki zenye picha ya simba zilitengenezwa kwa mamilioni, na nyingi hazina bei kubwa. Anayekuahidi mamilioni halafu aanze kudai "pesa ya kupima" ni tapeli.

Kwa mkutano wenu ujao: kila mmoja amtembelee mzee mmoja wa Kaloleni au Kariokor, aulize kama kuna senti za tundu zilizobaki sandukuni. Msizichukue. Andikeni mwaka uliochapwa juu yake, alizipataje, na zilinunua nini siku hizo. Kisha mjadiliane: akiba yenu ya sasa, ikinunua mashine hiyo na mashine isilie kwa miezi sita, nani atailipa tena?